Kodak Hawakulala

Stori ya Kodak huwa inasimuliwa haraka haraka. Palikuwa na kampuni kubwa ya Marekani iliyouza filamu za kamera. Ikanenepa, ikalala, dunia ikahamia dijitali, kampuni ikaanguka. Utaisikia kwenye makongamano ya biashara, kwenye video za motisha, kwenye madarasa ya ujasiriamali, na kila mara funzo ni lile lile: kijana, usilale.

Nimeisikia mara nyingi hadi nikaamua kuifuatilia mwenyewe, mwaka baada ya mwaka. Na kumbe hawakulala. Waliiona dijitali kabla ya karibu kila mtu, kwa sababu kamera ya kwanza ya dijitali ya kubebeka iliundwa kwenye maabara yao wenyewe. Kwa hivyo kuuliza nani alilala hakunisaidii sana. Ninachotaka kujua ni hiki: ule utajiri ulipoondoka kule Rochester, ulienda wapi, na nani alibaki akilipa?

Wachumi wana jina la jambo hili. Mwaka 1942 Joseph Schumpeter, Mwaustria aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Harvard, alichapisha kitabu kuhusu ubepari, usoshalisti na demokrasia. Humo alieleza kwamba ubepari haukui kwa kuongeza tu vitu vilivyopo. Hukua kwa kuvunja vya zamani na kuweka vipya mahali pake, na kazi hiyo haina likizo. Vitabu vya uchumi huiita ubomoaji wa kiubunifu. Mimi nitaiita bomoa-ujenge, kwa sababu sisi watu wa mjini neno bomoa hatuhitaji kufafanuliwa. Tunaujua mlio wa tingatinga alfajiri, na tunajua kwamba aliyebomolewa kibanda mara nyingi siye anayepewa funguo za fleti inayojengwa pale.

Schumpeter mwenyewe alikuwa ameonja. Mwaka 1919 alikuwa waziri wa fedha wa Austria, kisha akawa mkuu wa benki moja ya binafsi jijini Vienna. Soko la hisa lilipoanguka mwaka 1924 alipoteza cheo na mali, akabaki na madeni yaliyomchukua miaka kuyalipa. Lakini alikuwa msomi, akapata kazi ya kufundisha, akavuka bahari hadi Harvard. Si kila aliyebomolewa ana pa kuvukia.

Kwa kampuni kubwa za Marekani, ushahidi wa nadharia yake ni rahisi kuuona. Tarehe 26 Mei 1896, Charles Dow alichapisha wastani wa bei za hisa za kampuni 12 za viwanda. Zilikuwemo za sukari, tumbaku, ngozi, mpira, gesi, makaa ya mawe na chuma. Huo ndio wastani wa Dow Jones tunaousikia kwenye habari hadi leo, ila sasa una kampuni 30. Kati ya zile 12 hakuna hata moja iliyobaki kwenye orodha. General Electric, iliyodumu kuliko zote, iliondolewa Juni 2018. US Leather, jitu la biashara ya ngozi enzi zile, haipo tena kabisa. Na bado wastani wenyewe umepanda kutoka alama 40 na ushee hadi makumi ya maelfu.

Ukiutazama kwa haraka utadhani hakuna aliyeumia. Kampuni inayochoka inatolewa, changa inaingizwa, mstari unaendelea kupanda. Ila kampuni hizo zilikuwa mahali fulani, na watu fulani walikuwa wakiamkia kwenye malango yake. Ndiyo maana nataka tuiangalie moja tu, tena katika mji wake.

Rochester uko kaskazini mwa jimbo la New York, karibu na Ziwa Ontario. Mwishoni mwa miaka ya 1870 palikuwa na karani wa benki mjini humo aliyeitwa George Eastman. Baba yake alifariki angali mdogo, mama akawa anapangisha vyumba, na kijana akaacha shule akiwa na miaka 14 ili asaidie nyumbani. Alipoanza kupenda picha aligundua kwamba kupiga picha ni mradi mzima: kamera nzito, vioo vya kupakwa dawa papo hapo na kupigwa picha kabla havijakauka, chupa za kemikali, na hema la giza la kufanyia kazi hiyo. Akaanza kujaribu dawa usiku jikoni kwa mama yake, akitafuta kioo kikavu kinachoweza kukaa na kusubiri. Mwaka 1881 akawa na kampuni, akaacha benki.

Mwaka 1888 akatoa kamera aliyoipa jina la Kodak, neno alilolibuni tu, halina maana katika lugha yoyote. Iliuzwa dola 25 ikiwa na filamu ya picha 100 ndani. Ukizimaliza, unaituma kamera nzima Rochester pamoja na dola 10, wao wanaosha filamu, wanakurudishia picha zako na kamera iliyojazwa upya. Mwaka 1900 ikaja Brownie, kamera ya dola 1. Mtoto wa shule angeweza kuinunua.

Hapa ndipo wengi huanza kusahau: Kodak ndiyo iliyokuwa tingatinga. Ule ufundi wa vioo vibichi, watu waliojifunza kwa miaka mingi, ulikosa wateja. Na faida ya Eastman haikutoka kwenye kamera. Kamera ilikuwa chambo, pesa zilikuwa kwenye filamu, karatasi na kuosha. Ukishawahi kununua printa ya bei poa halafu ukalia ulipoenda kununua wino, basi unaujua mpango huo.

Hata huku alifika. Mwaka 1926, akiwa mzee wa miaka 70 na ushee, Eastman alikuja Kenya kuwinda, akawatembelea Martin na Osa Johnson, mke na mume Wamarekani waliokuwa wakipiga filamu za wanyama kwenye ziwa la Marsabit walilolipa jina la Paradise. Alikuwa mmoja wa waliowapa pesa za mradi huo. Yeye alirudi kwao, lakini biashara yake ilibaki nasi kwa miongo mingi. Rangi ya manjano ya Kodak ilining'inia juu ya milango ya studio za picha za miji yetu. Chukua albamu ya familia, chomoa picha moja ya zamani, igeuze. Huenda jina hilo limechapwa nyuma ya karatasi.

Kule Rochester, Kodak haikuwa kampuni tu. Kiwanda chake kikuu, Kodak Park, kilienea kwenye zaidi ya ekari 1,000, na kilikuwa na reli yake, umeme wake na kikosi chake cha zimamoto. Kuanzia mwaka 1912 kampuni ililipa wafanyakazi mgao wa faida kila mwaka juu ya mshahara, na maduka ya mji yaliusubiri mgao huo kama mkulima anavyosubiri mvua. Eastman aligawa zaidi ya dola milioni 100 za mali yake: kwa Chuo Kikuu cha Rochester, kwa shule ya muziki yenye jina lake, kwa hospitali ya meno ya watoto, na kwa vyuo vya watu weusi kama Tuskegee na Hampton. Mwaka 1932, akiwa na miaka 77 na maumivu makali ya mgongo, alijiua kwa risasi, akiacha barua fupi iliyosema kazi yake imekwisha.

Lakini mgao haukumfikia kila mtu. Watu weusi waliohamia Rochester kutoka kusini mwa Marekani walikuta malango ya Kodak yakiwa magumu kupita. Julai 1964 mji ulilipuka kwa siku tatu za ghasia. Baada ya hapo wakazi waliunda chama kilichoitwa FIGHT, kikiongozwa na Mchungaji Franklin Florence, na kikaidai Kodak kazi. Desemba 1966 afisa mmoja wa kampuni alitia saini makubaliano ya kuajiri watu 600. Siku chache baadaye mabosi wake wakaikana saini hiyo. FIGHT wakanunua hisa chache, wakapata haki ya kuhudhuria mkutano wa wenye hisa, na Aprili 1967 wakautikisa mkutano huo kule Flemington, New Jersey. Miezi miwili baadaye Kodak ikalegeza kamba. Nalitaja hili kwa sababu sitaki tuililie Kodak kana kwamba ilikuwa pepo. Kuna waliokaribia kufunguliwa lango miaka michache tu kabla kiwanda hakijaanza kupungua.

Mji huo huo ulizaa jitu la pili, na kuzaliwa kwake kunaonyesha bomoa-ujenge ikiwa kwenye siku zake nzuri. Mwaka 1938, Chester Carlson, aliyefanya kazi ya hataza, yaani haki za kisheria za uvumbuzi, alichoka kunakili nyaraka kwa mkono. Tarehe 22 Oktoba mwaka huo, katika chumba cha kukodi mtaa wa Astoria, New York, alifaulu kuhamisha maandishi kutoka kioo hadi karatasi bila wino wa maji, kwa kutumia umeme tuli na unga. Akabisha hodi kwenye kampuni zaidi ya 20, IBM na General Electric zikiwemo. Zote zikamkataa. Aliyekuja kumkubali ni Haloid, kampuni ndogo ya karatasi za picha iliyoishi Rochester chini ya kivuli cha Kodak. Ilichukua zaidi ya miaka 10 ya majaribio na mikopo. Mwaka 1959 ikatoa mashine ya 914, yenye uzito wa karibu kilo 300, na ofisi za Marekani hazikuwa tena kama zamani. Karatasi za kaboni zikaanza kwenda zake. Haloid ikabadili jina na kuitwa Xerox. Kila unapoingia kibandani kutoa kopi ya kitambulisho, kile kimwanga kinachopita chini ya kioo ni mjukuu wa kazi ya Carlson.

Angalia lakini: mwaka 1969 Xerox ilihamisha makao yake makuu kutoka Rochester hadi Stamford, Connecticut. Kampuni ikikua inaweza kufunga virago. Mtaa uliojengwa kuihudumia unabaki ulipo.

Turudi Kodak. Kufikia miaka ya 1970, karibu filamu 9 kati ya 10 zilizouzwa Marekani zilikuwa zake. Mwaka 1975 mhandisi wake kijana, Steven Sasson, aliyekuwa na miaka 25, alipewa kifaa kipya cha kielektroniki kinachohisi mwanga na kuambiwa akitazame kama kina faida yoyote. Akaunganisha lenzi iliyotolewa kwenye vipuri vya kamera ya sinema, betri 16, na kinasa cha kaseti. Kitu hicho kilikuwa na uzito wa kilo 3.6, kilipiga picha nyeusi na nyeupe ya pikseli 100 kwa 100, na kilichukua sekunde 23 kuihifadhi kwenye kaseti. Picha iliangaliwa kwenye televisheni.

Alipowaonyesha mabosi, wakauliza nani atataka kutazama picha zake kwenye televisheni, na itachukua muda gani kabla jambo hilo kuwa la maana. Sasson akakadiria miaka 15 hadi 20. Hakukosea sana. Kampuni ikasajili hataza mwaka 1978, na hataza hiyo ikaja kuiingizia mabilioni ya dola kabla haijaisha muda mwaka 2007. Mwanasayansi mwingine wa Kodak, Bryce Bayer, alibuni mpangilio wa vichujio vidogo vya nyekundu, kijani na bluu unaoiwezesha kamera ya dijitali kuona rangi. Simu iliyo mkononi mwako inaposoma rangi, yaelekea inatumia mpangilio huo au ndugu yake. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na Kodak walikishona wenyewe.

Sasa jiweke kwenye kiti cha bosi wa Kodak mwaka 1976. Una biashara yenye faida nono kuliko karibu biashara yoyote halali. Mbele yako kuna kifaa kizito kama tofali chenye picha ya ukungu, ambacho kikifaulu hakitahitaji filamu hata moja. Usiache mbachao kwa msala upitao. Kwa hesabu za mwaka huo, na wa kesho yake, na wa miaka 10 iliyofuata, kushikilia filamu lilikuwa jibu sahihi. Ule ulikuwa uzito wa shibe. Usingizi haukuwepo.

Na walijaribu kutoka. Walipoingia kwenye picha za papo hapo, Polaroid iliwashtaki, ikashinda, na mwaka 1991 wakalipa dola milioni 925. Mwaka 1988 walinunua kampuni ya dawa, Sterling Drug, kwa dola bilioni 5.1, kisha wakaiuza vipande vipande. Mwaka 1991 walitoa kamera ya dijitali ya wanahabari iliyojengwa juu ya mwili wa Nikon. Mwaka 2005 waliongoza kwa mauzo ya kamera za dijitali Marekani. Ndiyo, hao wanaosemwa walilala walikuwa namba moja!

Shida ni kwamba kamera ya dijitali haikuwa na filamu ya kuuzwa nyuma yake. Chambo kilibaki bila samaki. Isitoshe, miaka michache baadaye simu zilizimeza kamera ndogo zote, za walioshinda na za walioshindwa. Hata Kodak ingeihama filamu mwaka 1985 kwa moyo wote, ingehamia nyumba ambayo nayo ilikuwa kwenye orodha ya kubomolewa.

Wapo wanaosema Fujifilm ya Japani iliweza, na ni kweli. Chini ya Shigetaka Komori, Fuji iliuliza ni nini kingine inachokijua. Kumbe utando unaobeba filamu unafaa kwenye skrini bapa, na ujuzi wa kolajeni na kuzuia picha kuchujuka unafaa kwenye vipodozi. Fuji nayo ilipiga watu kalamu, maelfu yao, lakini ilisalia. Kodak pia ilikuwa na ujuzi wa aina hiyo, ila mwaka 1994 ilitenga kitengo chake cha kemikali kuwa kampuni ya peke yake, Eastman Chemical, ambayo iko hai na inafanya vizuri. Mwaka 2007 ikauza kitengo cha picha za hospitali kwa zaidi ya dola bilioni 2. Mbegu ziliuzwa ili kulipa bili za msimu.

Basi, nani alilipa? Mwaka 1982 Kodak ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 60,000 Rochester peke yake. Mwaka 1988 duniani kote walikuwa zaidi ya 145,000. Kufikia 2012 waliobaki Rochester hawakufika 7,000. Kati yao walikuwepo watu waliojua kufanya kazi ya ajabu: kupaka tabaka nyembamba za dawa ya fedha juu ya utando, moja juu ya nyingine, gizani, kwa sababu mwanga wowote ungeharibu kila kitu. Ujuzi wa miaka 30 wa kusoma giza. Hakuna mwajiri mwingine aliyekuwa akiutafuta.

Aprili 2004 Kodak iliondolewa kwenye Dow Jones baada ya kukaa humo tangu 1930. Mwaka 2007 majengo ya Kodak Park yakaanza kuangushwa kwa baruti. Mpiga picha Mkanada, Robert Burley, alikuwepo na kamera yake kubwa ya filamu. Katika moja ya picha zake umati umesimama kutazama jengo likienda chini, na watu wameinua mikono. Wameshika kamera za dijitali.

Tarehe 19 Januari 2012 kampuni iliomba ulinzi wa mahakama ya wafilisi. Pensheni za Marekani zilisalia, lakini kabla mwaka huo haujaisha, bima ya matibabu ya wastaafu ilikatwa. Waza mtu aliyeingia lango lile akiwa na miaka 19, akaahidiwa kwamba akizeeka atatibiwa, na barua inamfikia ana miaka 74. Mwaka huo huo, mwezi Aprili, Facebook ilitangaza kuinunua Instagram kwa dola bilioni 1. Instagram ilikuwa na wafanyakazi 13. Desemba, Kodak iliuza hataza zake za picha za dijitali kwa dola milioni 525, na Apple, Google na Facebook zilikuwa kati ya kampuni zilizopata haki ya kuzitumia.

Hilo ndilo jibu la mali ilienda wapi. Ilivuka bara hadi California. Mwenye hisa za soko zima hakuhisi hata kidogo, kwa kuwa kilichopotea kwenye mstari mmoja kilijazwa kwenye mwingine. Dow ilitoa Kodak, ikaweka nyingine, ikaendelea kupanda. Mwanamke wa Rochester aliyefanya kazi kwenye vyumba vya giza hakuweza kujitoa mwenyewe na kuingiza mhandisi wa miaka 25 mahali pake. Schumpeter aliyaweka maneno mawili pamoja, kubomoa na kuumba, na yakikaa pamoja unadhani yanamtokea mtu mmoja. Kumbe kati yake pana kilomita elfu kadhaa na pengine miaka 20.

Mawimbi yalifika hata huku. Wapiga picha wa Uhuru Park waliokuwa wakikupiga leo na kukupa picha baada ya kuosha filamu, studio za mitaani zenye pazia la maporomoko ya maji, vijana wa maabara waliojua kuchanganya dawa: wengine walinunua kamera ya dijitali na printa wakaendelea, wengine walitafuta riziki kwingine. Hakuna aliyewaita kwenye mkutano kuwaambia kwamba wanabomolewa. Na siwezi kukwepa upande wa pili: mimi na wewe tuna maelfu ya picha kwenye simu, za mama, za watoto, za chakula, na hatukulipia kuosha hata moja. Huo nao ni ujenzi. Faida hiyo imegawanywa kwa mabilioni ya watu, kila mmoja kidogo. Hasara iliangukia wachache, kila mmoja sana.

Rochester haukufa. Kutoka watu 332,000 mwaka 1950 umebaki na kama 211,000, na umaskini wa watoto wake ni kati ya mbaya zaidi kwa miji mikubwa ya Marekani. Lakini ndani ya ile Kodak Park ya zamani, kampuni ya vyakula ya LiDestri hutengeneza sosi ya nyanya. Kuna kampuni ndogo za lenzi na leza zilizotumia wahandisi waliofutwa. Kodak yenyewe ilitoka mahakamani mwaka 2013 ikiwa ndogo, na bado inapaka filamu. Ilitengeneza filamu maalumu ya nyeusi na nyeupe kwa ajili ya sinema ya Oppenheimer ya mwaka 2023.

Na mwajiri mkubwa kuliko wote mjini leo ni Chuo Kikuu cha Rochester pamoja na hospitali yake. Nilipofika hapo kwenye hesabu zangu nilisimama kidogo. Chuo hicho kilikua kwa pesa za Eastman, zile alizozitoa nje ya kampuni akiwa hai, miaka 50 kabla ya kaseti ya Sasson. Hakuweza kujua habari za pikseli. Hakufanya chochote kuiokoa Kodak isipitwe na wakati, na sidhani kama yupo mtu anayeweza kuifanyia kampuni hivyo. Alichofanya ni kuhamisha sehemu ya shibe kutoka kwenye kitu kinachobomoleka hadi kwenye kitu ambacho mji wote ungekitumia baada yake.

Nairobi tunapenda kuhesabu kampuni changa zinazoanzishwa, pesa zilizochangishwa, programu zilizopakuliwa. Sawa, tuhesabu. Nyingi kati yake zitabomolewa, na zitakazosimama zitabomoa wengine, wakiwemo watu tunaowajua kwa majina. Ningependa tuwe pia na daftari la pili, la kuandika kwamba miaka ile pesa zilipokuwa nyingi, shule gani ilijengwa, hospitali gani, mfuko gani wa wastaafu ambao hakuna mdai atakayeugusa. Wastaafu wa Kodak walipouliza kuhusu bima yao, ahadi waliyokuwa nayo ilikuwa ya kampuni tu, na kampuni ilikuwa mahakamani.